Kompyuta Iliyostaafu

Katika kitabu cha ushuru wa forodha cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta na mashine ya gemu hazikai sura moja. Kompyuta imo sura ya 84, pamoja na cherehani na pampu za maji, na ushuru wake wa kuingia ni sifuri. PlayStation imo sura ya 95, pamoja na wanasesere, raketi za tenisi na mapambo ya Krismasi, na ushuru wake ni asilimia 25. Kwa macho ya afisa aliyeketi Sirari, mpakani mwa Tarime na Isebania ya Kenya, kifaa cha kwanza ni cha kazi na cha pili ni cha kuchezea. Hakuna fomu inayomuuliza kijana atafanya nini na kompyuta yake saa nne usiku.

Nimeanza na forodha kwa sababu nasoma historia, shahada ya uzamili, na sisi watu wa historia tukikosa pa kuanzia hukimbilia nyaraka za kodi. Lakini kuna swali pia, ninaloulizwa kila nikirudi Tarime likizo: kompyuta gani ya bei nafuu inacheza gemu? Wanaouliza husubiri jibu la kifundi, lenye namba ya prosesa na kiasi cha rami. Namba hizo nitazitoa. Ila kila namba ina mwaka nyuma yake, na sijaweza kumshauri mtu vizuri bila kumweleza kwanza mashine hizi zimefikaje Mara.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya kampuni ya Uingereza, yenye chumba chake na wahudumu wake, na utaalamu mwingi uliotegemewa kuiendesha ulikuwa wa wageni. Serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta, na hesabu zikavurugika vibaya. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Aliyetaka aliomba kibali maalumu, aeleze kwa nini kazi yake haiwezi kufanywa na binadamu mwenye kalamu. Televisheni nayo ilikaa pembeni: Zanzibar walikuwa na kituo chao cha rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara tukasubiri hadi 1994.

Ni rahisi kuicheka amri ile ukiwa na simu mfukoni. Mimi siicheki sana. Mwaka 1974 nchi ilikuwa inaagiza chakula kwa sababu ya ukame, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne ndani ya miezi michache, na kila dola iliyokwenda kwenye mashine ya hesabu ilikuwa dola isiyokwenda kwenye mahindi. Rais aliyekuwa madarakani ni mtu wa Butiama, mkoa huuhuu wa Mara, na nadhani alijua vizuri kuliko wachambuzi wengi wa baadaye gunia la mahindi lina maana gani katika nyumba ya Mara. Zuio lilikuja kulegezwa kidogo kidogo, bila sherehe.

Ninachokihesabu kama hasara ni kitu kingine, nacho hakimo kwenye vitabu vya Hazina. Aprili 1982 Sinclair alitoa kompyuta ndogo ya nyumbani huko Uingereza, ZX Spectrum, ya bei nafuu kuanzia pauni 125. Mwaka huohuo BBC ilikuwa ikirusha vipindi vya kufundisha umma kompyuta. Wazazi wakanunua kwa ajili ya masomo ya watoto. Watoto wakacheza gemu. Wakati mwingine walinakili programu ya gemu kutoka gazetini, mstari kwa mstari, na kosa la herufi moja liliua kazi ya jioni nzima, kwa hiyo wakajifunza kutafuta kosa. Sehemu kubwa ya kizazi kilichokuja kujenga kampuni za gemu za Uingereza ilianzia sebuleni namna hiyo, kwa udanganyifu mdogo waliokubaliana mzazi na mtoto: mashine hii ni ya shule.

Kijana wa umri uleule Tarime, mwaka uleule 1982, alikuwa anatafuta sabuni.

Hilo la sabuni silisemi kwa kuchekesha. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ukafunguliwa tena Novemba 1983. Lakini Wakurya wako pande zote mbili. Shangazi wa huku ameolewa kule, ng'ombe wa mahari walivuka mpaka kabla haujachorwa, na njia za panya hazikuhitaji kufunguliwa na mtu. Wazee wa Tarime ukiwauliza miaka ile hukutajia bidhaa kwa mpangilio kama orodha ya dukani: sabuni ya mche, mafuta ya kupikia, chumvi, betri za redio. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliendesha msako wa wahujumu uchumi, na wengine wakafukia mali shambani usiku. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mitumba ikarudi sokoni kwa kasi.

Mitumba ndiyo iliyotufundisha kununua kompyuta. Nasema hivi nikiwa nimesimama mara nyingi sokoni nyuma ya mama yangu. Hununui koti kwa kulitazama mbele. Unaligeuza ndani nje, unakagua mshono wa kwapa, unavuta zipu mara tatu, unanusa, unaweka chini kama huna haja nalo, halafu ndipo unauliza bei. Vijana wa Tarime wanaokagua sipiyu leo wanafanya vilevile. (Sipiyu, kwa wasomaji mliosoma sayansi na mnataka kunirekebisha, ni kasha zima. Kitaalamu jina hilo ni la prosesa peke yake, lakini nchi nzima imeshaamua.) Wanafungua ubavu, wanatazama vumbi limekaa wapi, wanapitisha kidole kwenye vikapasita kuona kama vimevimba kichwani, wanawasha na kusikiliza feni.

Hata hivyo gemu lenyewe halikuingia kwetu kwa njia ya kompyuta. Liliingia kwa vibanda. Televisheni ya kichogo, PlayStation 2 iliyokwisha kuchokonolewa ili isome diski za kunakili, benchi la mbao, na mwenye kibanda mwenye saa ya ukutani na moyo mgumu. Mimi ni wa kike na kibanda hakikuwa mahali pa wasichana, kwa hiyo nilikijua kupitia kaka zangu waliotumwa chumvi wakarudi baada ya nusu ya pili ya mechi. Mchezo ulikuwa mpira, na ukiondoa mpira ulikuwa GTA San Andreas, ambayo ilitoka kwa PlayStation 2 mwaka 2004 na kwa kompyuta mwaka 2005. Toleo hilo la kompyuta ndilo lililobadilisha mambo. Lilikubali kukimbia kwenye mashine dhaifu, likaenea kwa flashi kutoka steshenari moja hadi nyingine, na kwa mara ya kwanza kompyuta iliyonunuliwa kuchapa barua za maombi ya kazi na kutoa fotokopi za vyeti ikaonekana ina maisha ya pili baada ya duka kufungwa.

Sasa nifike kwenye moyo wa jambo, yaani kompyuta ya ofisini iliyostaafu.

Kompyuta mpya ya gemu, ile yenye taa za rangi ndani, si mada ya wilaya zetu. Kinachopatikana Tarime, na kwa uchache zaidi Mugumu, ni makasha meusi na ya kijivu ya Dell OptiPlex, HP Compaq, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Yalitengenezwa kwa ajili ya mabenki, halmashauri, vyuo na makampuni ya bima ya Ulaya na Marekani. Yalinunuliwa kwa mamia, yakakaa chini ya meza miaka minne au mitano, yakatolewa kwa mamia vilevile. Wafanyabiashara huyakusanya, mengi hupita Dubai na Sharjah, kisha huingia Dar es Salaam au Mombasa. Yaliyoshuka Mombasa na kupanda Nairobi yanaweza kutufikia kwa kupitia Isebania. Yaliyoshuka Dar hupanda hadi Mwanza, halafu Musoma, halafu kwetu. Mara nyingi yanafika bila diski. Wanunuzi wapya hulalamika kwamba wameibiwa, kumbe diski iliondolewa kule kule, kwa sababu benki haiwezi kuuza kasha lenye taarifa za wateja wake, na sheria za Ulaya za kulinda taarifa, hasa baada ya Mei 2018, hazina utani.

Kwa nini yanatolewa mwaka fulani na si mwaka mwingine? Hapa ndipo kalenda ya Microsoft inapokuwa, bila wao kukusudia, kalenda ya soko la Tarime. Windows XP iliachwa Aprili 2014. Windows 7 iliachwa Januari 14, 2020. Windows 10 iliachwa Oktoba 14, 2025. Kila tarehe ya namna hiyo inapokaribia, ofisi nyingi huko hubadilisha mashine kwa mkupuo, kwa sababu hakuna mkuu wa idara anayetaka kueleza kwa nini kompyuta za idara yake hazina tena kinga. Kundi moja likitupwa, bei ya kundi hilo inashuka huku. Mwanafunzi wa Tarime aliyenunua mashine nzuri kwa bei ndogo mwaka 2021 alikuwa anafaidi uamuzi uliofanyika Redmond, Washington, miaka mingi kabla hajamaliza darasa la saba.

Mfano ninaoupenda ni OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Nyingi kati yake zilikuja na prosesa ya Intel Core i5-3470, yenye viini vinne na kasi ya gigahezi 3.2. Aprili 2015 GTA V ilipotoka kwa kompyuta, watengenezaji walichapisha mahitaji ya aina mbili: ya chini kabisa, na yale yanayopendekezwa ili ucheze kwa raha. Prosesa ya Intel iliyotajwa kwenye orodha ya raha ilikuwa Core i5-3470. Prosesa ya karani! Ile mashine iliyokuwa ikipanga likizo za watumishi wa halmashauri fulani huko Ulaya ilikuwa tayari, tangu siku ya kwanza, na ubongo wa kuendesha gemu kubwa kuliko yote ya miaka ile. Kilichokosekana ni jicho, yaani kadi ya grafiksi. Kwenye orodha ileile walitaka GTX 660, wakati karani alipewa grafiksi ndogo iliyojengwa ndani ya prosesa, inayotosha jedwali na barua pepe.

Historia nzima ya kompyuta nafuu ya gemu kwetu imo kwenye pengo hilo. Ubongo wa ofisi unakuja wenyewe kwa bei ya kutupwa. Jicho hununuliwa pembeni, na kwenye jicho ndiko watu huliwa.

Mwaka jana baba yangu mdogo wa Mugumu aliuza mtamba. Mwanawe alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na aliahidiwa kompyuta. Zikatengwa shilingi laki sita, na mimi nikateuliwa kamati ya manunuzi. Nyumba yao haiko mbali na eneo ambalo tembo hutoka hifadhini na kuingia mashambani. Mtamba huyo alikuwa akiba ya mwaka ambao mahindi yangeliwa. Kwa hiyo baba mdogo alinipigia simu mwenyewe.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "hiyo mashine itamsomesha au itampoteza?"

Nikamjibu kwamba ni mashine ileile, baba. Akanyamaza kidogo. Akasema sawa, basi isiwe ya kuharibika.

Mdogo wangu naye akanitumia ujumbe wake pembeni: "Shikamoo dada. Naomba yenye kucheza GTA V na PES. Ila kwa mzee sema ni ya Excel." Nilicheka peke yangu maktaba. Kaka zangu wa Uingereza wa mwaka 1982 walikuwa wamefufuka Mugumu.

Niliitumia laki sita hivi. Sipiyu niliichukua kwa fundi mjini Tarime kwa 280,000, OptiPlex 7010 ya umbo la mnara. Umbo lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mashine hizi zilitengenezwa kwa maumbo kadhaa. Ile ndogo kabisa haina kabisa nafasi ya kuchomeka kadi ya grafiksi, kwa hiyo kwa mchezaji ni njia isiyo na mbele, hata iwe rahisi namna gani. Ile nyembamba inakubali kadi fupi tu, ambazo ni adimu na bei yake imechangamka. Mnara unakubali kadi ya kawaida. Vijana wengi huvutiwa na ile ndogo kwa sababu inabebeka na inapendeza mezani, na muuzaji hana sababu ya kuwazuia.

Kulikuwa na OptiPlex 9020 palepale, mpya zaidi kwa mwaka mmoja, kwa nyongeza ya elfu sabini. Niliiacha. 7010 ya mnara bado ina plagi ya umeme ya pini 24 inayofanana na ya kompyuta nyingi, wakati 9020 ilikuja na pini 8 za Dell wenyewe. Pawa saplai ikiungua Mugumu, nataka fundi aweze kuchukua yoyote iliyopo rafuni na kuifunga. Kwenye wilaya ambako kipuri maalumu ni safari ya Mwanza, ukawaida wa plagi una thamani kuliko mwaka mmoja wa ujana.

Rami ilikuwa gigabaiti 8, vijiti viwili vya nne nne, na nilihakikisha ni viwili. Prosesa husoma vijiti viwili kwa pamoja, na kwa mtu ambaye bado hana kadi ya grafiksi jambo hilo huonekana wazi kwenye gemu, kwa kuwa ile grafiksi ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye rami. Diski nilinunua SSD ya gigabaiti 240 kwa 60,000. Kioo cha inchi 19, kilichotumika, 80,000. Hapo nikawa na 180,000 mkononi na jicho lilikuwa bado.

Kadi za grafiksi zina historia yao chungu. Mwaka 2017 na tena kuanzia 2020, wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walizinunua kwa makontena, kwa sababu kadi inayochora gemu vizuri inapiga pia hesabu za Ethereum vizuri. Bei duniani ikapanda hata kadi kuukuu zikauzwa kuliko zilipokuwa mpya. Septemba 2022 Ethereum ikabadili mfumo wake, uchimbaji kwa kadi ukafa siku moja, na kadi zilizochoka zikamiminika sokoni. Nyingine ni nzima kabisa. Nyingine feni zimelia mpaka zimekauka.

Kuna na zile za kughushi. Kadi ya zamani ya mwaka 2010 au 2011 inabadilishwa programu yake ya ndani, inafungwa kava jipya, na kompyuta ikiulizwa inajibu kwa unyofu kabisa kwamba ina GTX 1050 Ti. Dawa yake ni programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo hukagua chipu yenyewe na nyingi ya kadi hizo huzitia alama ya kuwa feki. Muuzaji mmoja jijini Mwanza, alipoona natoa flashi yenye programu hiyo, alikumbuka ghafla kwamba kadi aliyonionyesha ilikuwa imeshalipiwa na mteja mwingine. Nikamshukuru. Kwa nini tugombane?

Kikomo kingine ni umeme wa ndani. Pawa saplai ya 7010 ya mnara ni wati 275, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kadi lazima ile kupitia kwenye soketi yake tu, ambayo hutoa wati 75 basi. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ilitengenezwa ikae ndani ya kikomo hicho, ndiyo maana jina lake linatajwa kwa heshima na mafundi wote wa mashine za ofisini, na ndiyo maana pia inaghushiwa kuliko zote. Haikuwa ndani ya uwezo wangu. Nilichukua GT 1030 kwa 130,000, inayokula wati 30 na haina makuu. Hiyo nayo inataka macho: kuna toleo la kwanza la 2017 lenye kumbukumbu ya GDDR5, na kuna toleo lililofuata lenye DDR4, jina moja, boksi karibu moja, na la pili ni dhaifu mno kwa gemu. Sijui kama kuna neno la Kiswahili kwa kampuni inayokipa kitu kibaya jina la kitu kizuri, lakini kwetu mtu akifanya hivyo na ng'ombe wakati wa mahari, kikao huitishwa.

Zikabaki 50,000. Kwa 45,000 nilinunua stabilaiza. Mdogo wangu alinung'unika. Alitaka pedi za kuchezea. Nilimwambia pedi atanunua kwa kufyatua tofali. Umeme wa vijijini ukirudi baada ya kukatika haurudi kwa upole, na mtamba ni mmoja.

Na umeme una bei yake. Nyumba nyingi za kule zimeunganishwa kupitia mradi wa umeme vijijini, kwa ile ada ya shilingi 27,000, na zipo kwenye kundi la matumizi madogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na uniti ya ziada shilingi 350. Kompyuta ya namna hii na kioo chake, gemu likiwa limekolea, nilikadiria wati 120. Saa nne kila siku kwa mwezi ni uniti 14 na kitu. Ndani ya kikomo, gemu la mwezi mzima ni kama shilingi 1,440. Nje ya kikomo, uniti zilezile ni shilingi 5,040. Kwa hiyo raha ya mdogo wangu inategemea kama mama yake amepiga pasi mara ngapi. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi na kumwambia kwamba hiyo ndiyo Excel yake ya kwanza, aiweke kwenye jedwali, kila siku asome mita.

Likabaki gemu lenyewe. GTA V ilipotoka ilihitaji gigabaiti 65 za diski, na imenenepa tangu hapo. Kebo ya kwanza ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009 na tukaambiwa dunia imeingia ndani. Imeingia kweli, ila kwa bando. Gigabaiti 65 kwa bando la simu ni mtamba wa pili. Kwa hiyo gemu husafiri kama zilivyosafiri bidhaa zote Tarime: kwa mtu. Diski ya nje hufungwa kwenye mfuko, mfuko hukabidhiwa kondakta, basi hupita Nyamongo na vumbi lake, na Mugumu kuna kijana anasubiri stendi tangu saa nane. Nyingi ya nakala hizo hazijalipiwa, na sitajifanya sijui. Mwenye haki yake ameibiwa. Na njia halali ya kumlipa inataka kadi ya benki na bando ambavyo mlangoni mwa mnunuzi huyu havijafika vyote viwili kwa pamoja.

Sasa tunaingia wimbi jingine. Windows 11 inakataa prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, yaani karibu zote za kabla ya mwisho wa 2017, na mwaka 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta milioni 240 duniani zingeweza kugeuka taka Windows 10 ikiachwa. Kinachotupwa safari hii ni kizazi cha sita na cha saba, mashine zenye rami ya DDR4 ambazo zinaipita 7010 ya mdogo wangu bila jasho. Anayeweza kusubiri, nimekuwa nikimwambia asubiri. Bei inaposhuka Sharjah huchukua miezi kufika Sirari. Lakini wimbi hili lina mzigo wake pia: Uganda ilitangaza katika bajeti ya 2009 kuzuia kompyuta, friji na televisheni zilizotumika, kwa hofu ya kugeuzwa jalala, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Nyuma ya duka la fundi wangu pana rundo la makasha yasiyowaka ambalo kila nikirudi likizo limepanda kidogo. Huwa nafikiria kuwa hilo ndilo daftari la kweli la biashara hii, na hakuna anayelifunga hesabu.

Mdogo wangu alichukua wiki mbili kupata mpangilio uliomridhisha, vivuli amezima, ubora wa picha kati na kati. Baba mdogo alikuja kusimama nyuma yake jioni moja, akaangalia gari likikimbia kando ya bahari ya California kwa muda mrefu bila kusema. Halafu akauliza ile barabara ni lami tupu mpaka wapi. Kijana akamwambia haiishi, inazunguka kisiwa chote. Mzee akavuta kiti.